Mwezi wa Siku Ngapi? Wito kwa Watunzi wa Mzenga

Kabla sijasema ninachokuitia, tucheze kidogo. Mimi nataja nusu, wewe unamalizia. Mtamu kama... Mweusi kama... Meno meupe kama...

Umeshamaliza. Kwenye utamu umesema asali, kwenye weusi umesema mkaa, na kwenye meno umesema theluji. Theluji! Wengi wetu hapa Mzenga hatujaigusa maisha yetu yote. Iliyo karibu nasi ni ile ya kileleni Kilimanjaro, safari ya kutwa nzima kwa basi, na ukifika unaitazama ukiwa chini, tena mawingu yakikuruhusu. Hata hivyo inatutoka mdomoni kila tukiona meno.

Sasa jiulize: kama wewe umeweza kumalizia kabla yangu, mimi mtunzi nimefanya kazi gani?

Naandika wito huu kwa wana-Mzenga wa Kisarawe na wenzetu wa upande wa Kibaha. Nawaita wanafunzi wenye daftari la mashairi lililofichwa chini ya daftari la hesabu. Nawaita vijana wanaotunga kwenye simu wakingoja abiria kijiweni, akina mama wanaotunga nyimbo za kumcheza mwali, walimu wa shule na wa madrasa, wanakwaya, na yeyote anayesukumwa mbele na kuambiwa "mshairi wetu, sema neno" siku ya harusi au siku ya mgeni rasmi. Ombi langu ni moja: tuache kuazima macho. Tunapofananisha, tufananishe na kitu tulichokitazama wenyewe, hapahapa kwetu, mpaka tukakijua. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na mfano wa kuazima nao hausitiri shairi.

Simsemi mtu. Naanza na aibu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilitunga shairi la harusi ya binamu yangu. Nilijitahidi. Vina vilikaa, mizani ilitimia, na ubeti wa pili ulimwita bibi harusi "mithili ya mbalamwezi". Vigelegele vikapigwa. Nikarudi kwenye kiti changu nimevimba kichwa.

Kesho yake asubuhi nikaenda kumwamkia bibi. Nilimkuta uani anabangua korosho, mikono ameipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," akajibu, maana bibi za huku ndivyo wanavyowatania wajukuu. "Jana umesema vizuri. Lakini huo mwezi wako ulikuwa wa siku ngapi?"

Nikacheka, nikidhani ni utani mwingine.

"Mwezi wa siku tatu unazama chungu kikiwa bado jikoni," akasema, macho yake yako kwenye korosho. "Wa siku ishirini unatoka watu wameshalala, wanauona wezi na wanaouguza. Wa siku kumi na nne ndio wa kuchezea ngoma. Sasa wewe mtoto wa watu umemfananisha na upi?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba wakati natunga sikuutazama mwezi wowote. Neno lilikuwa limekaa karibu na mdomo, nikalichukua. Nikamuuliza, "Ungekuwa wewe, bibi, ungesemaje?"

Hakufikiri sana. "Yule mtoto kicheko chake kama korosho motoni. Ikishapasuka ya kwanza, huna la kuzifanya zilizobaki."

Aliyewahi kukaanga korosho na maganda yake juu ya bati anajua bibi alisema nini. Zinakaa kimya muda mrefu, unazigeuza kwa kijiti, unadhani moto hautoshi. Halafu moja inapasuka na kurusha mafuta, nyingine zinafuata, na wewe unarudi nyuma huku umekunja uso na unacheka. Binamu yangu ndivyo alivyo. Anajizuia, anafunika mdomo kwa kanga, kisha kinamtoka kimoja, na baada ya hapo hata msibani atatolewa nje. Mimi niliyelelewa naye nilimpa mwezi usio na tarehe. Bibi alimpa kicheko chake mwenyewe.

Nimetunga mengi tangu siku hiyo, na kila nikifika penye neno "kama" nalisikia swali lile.

Kwa nini tunaazima? Uvivu upo, lakini lawama zote tusiutupie. Sehemu ya sababu imo ndani ya ufundi wenyewe. Wengi wetu tumelelewa na shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na vipande viwili vya mizani nane nane. Hebu hesabu kwa vidole. M-ta-mu-ka-ma-a-sa-li: nane. Mwe-u-si-ka-ma-m-ka-a: nane. Me-u-pe-ka-ma-the-lu-ji: nane. Mi-thi-li-ya-mba-la-mwe-zi: nane tena, utadhani ilipimwa kwa futi. Semi hizi zimedumu kwa sababu zina kipimo kamili cha kipande. Ni milango iliyokwisha kutengenezwa na kuegemezwa kando ya barabara. Fundi aliyechoka ananunua mmoja, anaupachika, nyumba inafungika. Tatizo linakuja pale nyumba zote za mtaa zinapokuwa na mlango uleule: mgeni wako atabisha wapi?

Lakini angalia na hili. Ka-ma-ko-ro-sho-mo-to-ni: nane. Bibi hakusoma kitabu chochote cha utunzi, na maneno yake yameingia kwenye kipande bila kupigwa randa. Na pale "kama" inapokuzidishia hesabu, washairi wa zamani walituachia "ja", neno la mizani moja linalofanya kazi ileile. "Kama tanuri la mkaa" ni mizani tisa. "Ja tanuri la mkaa" ni nane. Basi mizani isiwe kisingizio. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Alitupa vipimo. Vitu vya kupimwa alituachia tutafute wenyewe, na sisi tunavyo tele.

Tanuri nimelitaja kwa makusudi, maana mkaa ni mfano mzuri wa namna jambo moja linavyoweza kuwa kongwe na jipya kwa wakati mmoja. "Mweusi kama mkaa" imechoka kwa sababu inaishia kwenye rangi, tena ya mkaa uliokwisha kufungwa kwenye gunia. Lakini hapa kwetu kuna watu waliouchoma, au wanaomjua aliyeuchoma. Wanajua magogo yanavyopangwa, yanavyofunikwa kwa nyasi na udongo, na moto unavyowashwa upande mmoja kisha ukafichwa. Wanajua kwamba kuanzia hapo hakuna mwali unaoonekana. Unausoma moto kwa moshi: mzito na mweupe mwanzoni, kisha mwembamba wa kibuluu. Na wanajua kwamba mchomaji halali usingizi, kwa sababu udongo ukibomoka mahali pamoja tu hewa inaingia, na kazi ya siku nyingi inageuka jivu kabla ya asubuhi.

Mtu mwenye maarifa hayo akitaka kumsema jirani aliyeweka kinyongo, ana kitu cha kusema. Mimi nimejaribu hivi:

Kinyongo chake jirani, ja tanuri la mkaa,
Moto umo udongoni, hauwaki ukang'aa,
Moshi mwembamba hewani, siku saba wazagaa,
Tundu moja ubavuni, jivu ndilo litajaa.

Sisemi huu ni ubeti mkubwa. Nasema tu kwamba mkaa ni uleule wa "mweusi kama mkaa", na mizani ni ileile nane. Kilichoongezeka ni muda tuliokaa nao. Hapo ndipo ulipo upya ninaouombea: hauhitaji kitu ambacho hakijawahi kuonekana duniani, unahitaji jicho lililokaa kitako.

Tukikaa kitako, Mzenga haitatuishia. Ingia jikoni. Nazi iliyokunwa hukamuliwa tui la kwanza, zito, lile la kasimile linalotiwa mwisho. Hukamuliwa la pili la kuchemshia. Ukiongeza maji ukakamua mara ya tatu unapata kitu cheupe chenye harufu ya nazi na hakina nazi. Zipo salamu za namna hiyo, zipo samahani, na yapo mapenzi. Anayesema "msamaha wake tui la tatu" hana haja ya kueleza zaidi. Kila aliyewahi kula wali wa namna hiyo ameshaelewa.

Nenda shambani mwezi wa Novemba, mabibo yamezagaa chini na harufu yake imelewesha nzi. Litazame bibo. Matunda mengi huficha mbegu yao katikati ya nyama. Mkorosho umeitundika nje, chini ya tunda, mvua na jua vyote vyake, na ganda lake likimuunguza anayelimenya kwa pupa. Mama wa Mzenga ambaye mwanawe ameenda Dar es Salaam kutafuta kazi, naye moyo wake unaning'inia hivyo, nje ya mwili, mahali asipoweza kuufunika. Sijui waridi gani lingeweza kusema hilo. Waridi lenyewe mimi nalijua zaidi kwenye maua ya plastiki ya ukumbini.

Nenda relini. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na moja ya stesheni zake za mwanzo ukitoka mjini ni Mzenga yetu. Treni yake ya dizeli hutangulizwa na mngurumo. Kwanza mbuzi wanainua vichwa, halafu watoto, halafu ndipo watu wazima wanapoiona. Upande wa Kibaha, pale Soga, tangu mwaka 2024 inapita treni ya umeme, nayo haina salamu ndefu: unasikia upepo, ukigeuka imeshapita. Kwa hiyo leo sisi tunaweza kusema kuna msiba wa dizeli na msiba wa umeme. Kuna mgonjwa ambaye kifo chake kilianza kunguruma mbali, tukakaa tukikingoja. Kuna mwingine aliyeaga asubuhi amebeba jembe, na saa sita tukabaki tumeshika upepo. Mtunzi wa Lamu wa miaka mia mbili iliyopita asingeweza kuusema ulinganisho huo. Wa Mzenga anaweza, na asipousema yeye sijui atausema nani.

Na kama mtu anadhani mambo ya serikali hayana ushairi, afike Kwala. Kule kuna bandari isiyo na wimbi hata moja, imejaa makontena badala ya majahazi, na jina lake rasmi ni bandari kavu. Ofisi imetutangulia kutunga.

Nimemtaja mtunzi wa Lamu, na nisingependa mtu adhani nawadharau wakongwe. Ni kinyume chake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi aliutazama mji wa Pate uliokuwa umeanguka. Aliona vidaka vya ukutani, vilivyokuwa vikipangwa vyombo vya Kichina, vimekuwa viota vya ndege. Hakwenda mbali kutafuta mfano wa dunia inayopita. Aliupata kwenye kuta za watu aliowajua. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anasifiwa kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni, kwenye vita, nyumba, wivu na njaa za mji wake. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa gerezani Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, alitoka na diwani ya Sauti ya Dhiki, na moja ya mashairi yaliyomo linaitwa Jipu. Jipu! Mfungwa hana bustani wala bahari, ana mwili wake, naye akautazama. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe na ziwa likamfuata kwenye mashairi yake. Diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 iliacha vina na mizani, ikazua ubishi uliodumu miaka mingi. Unaweza kuwa upande wowote wa ubishi huo, lakini macho yake yalikuwa ya kwake.

Wazee hawa walipotaja jahazi, lulu na asumini, walikuwa wanatazama nje ya madirisha yao. Jahazi lilikuwa pale, limetia nanga. Sisi tumeiga dirisha lao, kutazama kwao hatukukuiga. Heshima ya kweli kwa Muyaka ni kufanya Mzenga alichokifanya yeye Mombasa.

Najua kuna atakayeuliza: je, kila kipya ni kizuri? Hapana. Nimewahi kusikia mapenzi yakifananishwa na betri ya bodaboda, nikangoja nielezwe kwa nini, shairi likaisha. Jambo jipya lisilo na sababu ni kelele. Walimu wa fasihi hutufundisha kwamba tashbiha ina kinachofananishwa, kinachofananishwa nacho, na neno la kuviunganisha: kama, mithili ya, mfano wa, ja. Lakini kuna mguu wa nne unaobeba uzito wote, nao ni sababu ya kufanana. Betri ya bodaboda ingeweza kufaa, kwa mfano kwa mapenzi yanayochajiwa na safari na kufa yakikaa barazani. Mtunzi hakufika huko. Aliridhika kwamba hakuna aliyewahi kulisema.

Kwa hiyo mimi hujipima namna tatu. Kwanza nauchukua mfano wangu kwa jirani, namtajia nusu. Akimalizia, naufuta. Pili najiuliza swali la bibi: wa siku ngapi? Kama nimesema mvua, ni ya masika inayoanza usiku na kukuta mchana, au ya vuli inayolowesha upande mmoja wa barabara? Kama nimesema muhogo, ni mtamu wa kutafuna shambani, au ule mchungu unaohitaji kuvundikwa na kuanikwa kabla haujaliwa? Tatu, nautazama ule mguu wa nne. Sababu ikiwa ni rangi tu au ukubwa tu, narudi kuangalia tena.

Na yale ya zamani tusiyazike yakiwa hai. Asali yenyewe inaweza kufufuka. Muulize mrina asali: hurina usiku, amebeba moshi, yuko juu ya mti, na asubuhi utamu uko kwenye ndoo na jicho moja limefumba kwa kuumwa. Mtu anayesema "mtamu kama asali" hajasema kitu. Anayesema mapenzi yake ni asali ambayo aliyeirina bado ana mwiba kwenye nyusi, huyo kafika kwenye mzinga.

Kuna jambo jingine linalonisukuma, nalo ni zito kuliko ushairi. Mti ukikatwa, mfano wake nao unakatwa. Vijana wengi wa leo wanaujua mninga kama kitanda na mpingo kama kinyago. Hawajawahi kusimama chini ya mti wenyewe ukiwa na majani. Misitu ya Kisarawe imelisha majiko ya Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sisi tumelipwa kwa magunia. Lugha nayo inapukutika vivyo hivyo. Wazee wetu wana misemo ya Kizaramo ya kufananisha tembea ya mtu, ulaji wake, uchoyo wake, na wajukuu tunaitikia kwa Kiswahili cha redioni. Makungwi waliokaa na mwali ndani wanajua kufundisha kwa fumbo na kwa kitu kilichoshikwa mkononi kuliko chuo chochote. Yaliyomo humo si ya gazetini na sitayagusa, lakini namna ile ya kufundisha, ya kumfanya mtu akitazame kitu mpaka kiseme, tunaweza kujifunza hata sisi tuliobaki nje. Tukiacha hayo yote yaende, watoto wetu watabaki na theluji.

Sasa ninayowaombeni.

Walimu wetu, mtoto akiandika "mzuri kama ua", msimpe alama ya vyema haraka, wala msimkatie kwa wino mwekundu. Muulizeni: ua gani, uliliona wapi, saa ngapi? Kipindi kimoja kwa muhula watoeni nje. Kila mtoto achague kitu kimoja, iwe kichuguu, ndoo inayovuja, au ng'ombe wa mfugaji wakipita kwenye vumbi, akitazame dakika kumi bila kuandika, ndipo aandike. Hilo halina gharama yoyote, kivuli cha mwembe kinatosha.

Wazee wetu, shikamooni. Msituchoke. Mkisikia tumesema mwezi, tuulizeni wa siku ngapi. Mkikumbuka usemi wa Kizaramo ambao hamjausikia miaka ishirini, semeni, na mjukuu aliye karibu auandike pamoja na maana yake kabla hamjasahau nyote wawili.

Vijana, simu mnazo. Kila siku andika mstari mmoja: nimeona nini leo, kimenikumbusha nini? Usitafute shairi, tafuta mstari. Mwaka ukiisha utakuwa na mistari zaidi ya mia tatu, na hata kama mia mbili na tisini ni makapi, utapepeta upate chakula cha kutosha. Aliyefika mbali zaidi aangalie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023 na yenye nafasi ya ushairi. Nitafurahi siku waamuzi watakapokutana na tui la tatu.

Viongozi wa vijiji na wenye kuandaa sherehe, mshairi msimwambie usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mkimpa muda wa saa kumi tu ataazima, hana njia nyingine. Mpeni wiki mbili na mumweleze habari za huyo anayesifiwa: analima nini, anachekaje, alianguka wapi akainuka.

Na sote kwa pamoja tuna tarehe. UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na kwenye miji mikubwa siku hiyo ina makongamano na mabango. Sisi hatuhitaji bango. Nawaomba jioni ya siku hiyo tukutane kila mtu kijijini kwake, chini ya mkorosho wowote wenye kivuli kipana. Julai ni kipupwe, si rahisi kunyeshewa. Kila atakayekuja aje na mfano mmoja tu, ambao hajausikia kwa mtu, wa kitu cha hapahapa. Asiyejua kuandika aje nao kichwani. Watoto wakae mbele, bibi zetu wawekewe viti, na yeyote awe huru kuuliza swali la mwezi.

Tutacheza tena mchezo tulioanza nao. Nitasimama niseme: "Kicheko chake kama..." na nitanyamaza kidogo. Nikisikia mtu anamalizia, nitajua wito huu haukufika. Lakini nikiona mmeinamisha vichwa mnangoja, kama tunavyokaa kuzunguka bati la korosho kabla ya ile ya kwanza kupasuka, basi nitajua Mzenga imeanza kutunga.